Visiwa vya Bahari ya Hindi: Ni Nani Mshika Usukani?

Mji wa Mikindani umeelekea bahari, na ng'ambo ya bahari hiyo wako majirani ambao twawasahau upesi mno. Chukua ramani, ndugu msomaji, ukapime kwa uzi. Kutoka Mikindani mpaka Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni kilomita zipatazo 380. Kutoka Mikindani mpaka Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 400. Maana yake ni kwamba Mngazija wa Moroni yu karibu nasi kuliko ndugu zetu wa Kariakoo. Bahari ndiyo itudanganyayo tukadhani kwamba yu mbali.

Kwa hiyo haifai watu wa pwani ya Mtwara na Ruvuma wasome habari za visiwa hivyo kama wasomavyo habari za nchi za ugenini. Kingazija, Kinzwani, Kimwali na Kimaore ni lugha za ukoo mmoja na Kiswahili chetu. Kwa karne nyingi kusi na kaskazi zilipeleka majahazi na kuyarudisha baina ya Kilwa, Mikindani, Ngazija na Bukini, ambayo leo yaitwa Madagaska. Hata chama kilichodai uhuru wa Komoro, MOLINACO, kilizaliwa Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya uhuru wetu, kikaongozwa na Abdou Bakari Boina, na sauti yake ikasikika kutoka hapa kwetu wakati ambapo mji huo ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Basi tukisema juu ya uongozi wa visiwa hivyo, hatusemi kama wapita njia. Twasema kama majirani ambao moshi wa nyumba ya pili huwaingia machoni.

Visiwa vyenyewe vimejiundia chombo chao cha ushirikiano, nacho ni Kamisheni ya Bahari ya Hindi. Wazo lake lilikubaliwa Port-Louis mwaka 1982 na nchi tatu, yaani Morisi, Shelisheli na Madagaska. Mwezi wa Januari 1984 mapatano ya kuiunda yalitiwa sahihi mjini Victoria, Shelisheli. Mwaka 1986 wakaingia wengine wawili: Komoro, na Ufaransa kwa ajili ya kisiwa chake cha Réunion. Makao yake makuu yako Morisi. Tangu siku ile ya Victoria yamekwisha pita zaidi ya miaka 40, na umri huo watosha kumwuliza mtu mzima amefanya nini na ataka kwenda wapi.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kamisheni hii ina manahodha watano, na kila mmoja ana ramani yake. Twapenda leo kuyatazama matatizo ya uongozi wake moja moja, bila kejeli na bila kuficha, kwa sababu dhoruba ikivipiga visiwa hivyo haina desturi ya kugeuka kabla ya kufika kwetu.

USUKANI WA ZAMU

Kamisheni huongozwa kwa zamu. Uenyekiti wa Baraza la Mawaziri huzunguka kutoka nchi moja hadi nyingine, na Katibu Mkuu hukaa miaka minne kisha huacha nafasi kwa mtu wa nchi nyingine. Callixte d'Offay wa Shelisheli alishika kazi hiyo tangu 2008 hadi 2012. Akafuatwa na Jean Claude de l'Estrac wa Morisi. Kisha Hamada Madi wa Komoro. Kisha Vêlayoudom Marimoutou wa Réunion. Na mwaka 2024 ikafika zamu ya Madagaska, akashika Edgard Razafindravahy.

Zamu ni jambo la haki. Huondoa wivu, nayo humpa mdogo nafasi sawa na mkubwa. Wakomoro wenyewe waijua dawa hiyo na madhara yake. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzwani kilitangaza kujitenga. Nchi ikawa karibu kuvunjika vipande. Mwaka 2001 yakafanywa mapatano ya Fomboni, kisiwani Mwali, ya kwamba urais uzunguke katika visiwa vitatu. Ngazija ikashika mwaka 2002, Nzwani ikashika 2006, Mwali ikashika 2011, na mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija kwa Azali Assoumani. Kwa kipindi hicho chote bunduki zilipungua sauti, na hilo si jambo dogo. Walakini mwaka 2018 katiba ilibadilishwa ili aliye madarakani aweze kurudi tena, akachaguliwa 2019 na 2024, na malalamiko ya visiwa vidogo yakaanza upya.

Funzo lake ni hili. Zamu hutuliza ugomvi wa nani akae mbele, lakini peke yake haijengi. Mwenye zamu ya mwaka mmoja hupanda mbegu ambayo hatakuwapo kuivuna, na yule ajaye hupenda kupanda yake mwenyewe. Katibu Mkuu angeweza kuwa kamba ya kuunganisha zamu hizo, lakini kila neno zito lazima likubaliwe na wanachama wote watano. Mmoja akikataa, jambo limelala. Yeye ni karani wa wakubwa watano, wala si nahodha.

Na wakubwa wenyewe hukutana mara ngapi? Mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi ulifanyika Antananarivo mwaka 1991. Wa pili ulikuwa Réunion mwaka 1999. Wa tatu, Antananarivo tena, mwaka 2005. Wa nne, Moroni, mwaka 2014. Wa tano ukarudi Antananarivo mwezi wa Aprili 2025. Mikutano mitano katika miaka 34! Baina ya mkutano wa nne na wa tano mtoto aliweza kuzaliwa, akasoma, akamaliza darasa la nne. Hapana chama cha ushirika wa korosho katika Mtwara ambacho wanachama wake wangekubali kungojea mkutano mkuu kwa miaka 11.

JITU MOJA NA WADOGO WATATU

Tatizo la pili ni kutolingana. Twaziita "nchi ndogo za visiwa", lakini neno hilo laficha mambo mengi. Madagaska ina watu wapatao milioni 30, na ardhi yake yapita kilomita za mraba 580,000. Shelisheli yote ina watu wapatao 120,000, yaani idadi ambayo ingetoshea katika wilaya moja ya huku kwetu na nafasi ikabaki. Morisi ina watu zaidi ya milioni moja kidogo. Komoro na Réunion kila moja haifiki milioni.

Angalia sasa mali. Aliye mkubwa kwa watu ndiye maskini kuliko wote. Shelisheli, iliyo ndogo kabisa, yahesabiwa na Benki ya Dunia miongoni mwa nchi zenye mapato ya juu tangu mwaka 2015. Morisi imejenga viwanda, hoteli na benki. Madagaska na Komoro bado zinahangaika na chakula, maji na umeme. Katika hali hiyo, mmoja akisema "maendeleo" ana maana ya barua za benki na watalii, na mwingine akisema neno lilo hilo ana maana ya gunia la mchele. Kuwaongoza watu ambao neno moja lina maana mbili kwao ni kazi ngumu, nayo yataka viongozi wenye subira kuliko ufasaha.

Tena kuna umbali. Kutoka Moroni hadi makao makuu ya Kamisheni huko Morisi ni karibu kilomita 1,800, na shughuli zake huendeshwa zaidi kwa Kifaransa. Mvuvi wa Nzwani au mama auzaye samaki Moroni hajui mlango wa ofisi hiyo. Chombo ambacho abiria wake hawajui jina lake hakitapata wa kukitetea siku kitakapotoboka.

MFUKO WAUSHIKA NANI?

Tatizo la tatu ni fedha. Sehemu kubwa ya miradi ya Kamisheni hulipiwa na Umoja wa Ulaya, Ufaransa na wafadhili wengine wa nje. Hatusemi kwamba fedha hizo ni sumu. Zimefanya kazi, na tutaitaja chini. Lakini mwenye kulipa ngoma huchagua wimbo, na mradi huisha siku fedha ikwishapo hata kama haja ya watu haijaisha.

Watu wa Mikindani hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikaamuliwa kujenga bandari ya maji marefu Mtwara, na reli ya kutoka huko hadi bara. Waliopanga walikaa London. Wakulima wa kusini, waliojua mvua na udongo, hawakuulizwa. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kumeza mamilioni ya paundi, na katika miaka ya 1960 hata reli iking'olewa. Bandari ikabaki, nayo hata leo inatufaa. Lakini biashara ya Mikindani ya kale ilihamia huko, na mji ukaachiwa magofu yake na boma la Wajerumani.

Tazama basi: katika jambo moja mna faida na hasara. Gati lilibaki kwa sababu lilikuwa na haja ya kweli nyuma yake. Karanga na reli zilitoweka kwa sababu hazikuwa na mwenyewe hapa. Kila mradi wa Kamisheni wafaa uulizwe swali hilo hilo: mfadhili akiondoka kesho, ni nani atakayeubeba? Kama jibu ni "hapana mtu", basi mradi huo ni reli ya Nachingwea.

JERAHA LA MAORE

Sasa twafika penye jeraha lenyewe. Tarehe 22 Desemba 1974 watu wa Komoro walipiga kura ya uhuru. Ngazija, Nzwani na Mwali zilikubali kwa sauti karibu moja, lakini kisiwani Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, walio wengi walikataa. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah alitangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Ufaransa ikahesabu kura kisiwa kwa kisiwa, ikashikilia Maore. Mwezi wa Februari 1976 ilitumia kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalaani kuwapo kwake kisiwani humo. Tarehe 31 Machi 2011 Maore ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa.

Haifai kuficha upande wa pili wa habari hii. Watu wa Maore waliulizwa tena mwaka 1976 na mwaka 2009, na wengi wao walichagua kubaki na Ufaransa. Waliona hospitali na shule kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaona mapinduzi ya Moroni na mamluki wa Bob Denard. Kura zile hazikuwa sifa kwa ukoloni tu; zilikuwa pia lawama kwa uongozi wa Komoro. Ukitaka nduguyo arudi nyumbani, sharti nyumba isivuje.

Lakini wanaolipa gharama ya ubishi huu si mabalozi. Mpaka mwaka 1995 mtu wa Nzwani aliweza kwenda Maore kumwona shangazi yake bila kizuizi kikubwa. Mwaka huo Ufaransa ikaweka sharti la viza. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, mwendo wa kilomita zipatazo 70, na bahari huwameza. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa yenyewe, ya mwaka 2012, ilikadiria kwamba waliokufa tangu 1995 walikuwa baina ya 7,000 na 10,000. Fikiri, ndugu msomaji: mama mjamzito atafutaye mkunga, mgonjwa atafutaye dawa, na kijana atafutaye kibarua. Hao wamekufa katika bahari yenye Kamisheni, yenye Katibu Mkuu, na yenye bendera tano.

Na Kamisheni imesema nini? Imesema machache, kwa sababu pande mbili za kesi zimeketi katika meza moja, na upande mmoja ndio wenye mfuko. Tena si Komoro peke yake. Madagaska inadai visiwa vidogo vya Glorieuses, Juan de Nova, Europa na Bassas da India. Morisi inadai Tromelin. Yaani katika wanachama wanne walio dola huru, watatu wana madai ya ardhi juu ya mwanachama wa tano. Mwezi wa Aprili 2025, katika mkutano wa Antananarivo uliohudhuriwa na Rais Macron, Ufaransa ilionyesha nia ya kuiingiza Maore katika kazi za Kamisheni, Komoro ikakataa. Hata michezo haikusalimika: mwaka 2015 timu ya Komoro ilijitoa katika Michezo ya Visiwa huko Réunion kwa sababu ya jinsi wachezaji wa Maore walivyopita na bendera ya Ufaransa.

SERIKALI ZIANGUKAPO

Tatizo la tano ni serikali kuanguka kwa nguvu. Komoro ilipinduliwa chini ya mwezi mmoja baada ya kujitangazia uhuru. Ali Soilih alipinduliwa na kuuawa mwaka 1978, Ahmed Abdallah akauawa 1989, na mwaka 1999 jeshi likachukua madaraka tena. Madagaska, mwezi wa Machi 2009, Andry Rajoelina alimwondoa Marc Ravalomanana kwa msaada wa askari. Kisha mwezi wa Oktoba 2025, baada ya maandamano ya vijana waliolalamikia maji na umeme, Rajoelina yule yule aliondolewa, na Kanali Michael Randrianirina akashika nchi. Miezi sita tu kabla yake, Rajoelina alikuwa mwenyeji wa wakuu wa visiwa wenzake.

Kamisheni ilifanya nini siku hizo? Mwaka 2009 na iliyofuata ilishiriki katika usuluhishi, lakini mbeba mzigo alikuwa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika pamoja na Umoja wa Afrika. Mwaka 2012 wapinzani wawili walikutanishwa katika kisiwa cha Desroches, Shelisheli, na mwaka 2013 uchaguzi ukafanyika. Mwaka 2025 pia ni Umoja wa Afrika uliosimamisha uanachama wa Madagaska.

Na kwa Nzwani twajua zaidi, kwa kuwa Watanzania walikuwapo. Kanali Mohamed Bacar alipokataa kuachia madaraka ya kisiwa, Umoja wa Afrika, ambao mwenyekiti wake mwaka ule alikuwa Rais Kikwete, uliamua kumwondoa. Tarehe 25 Machi 2008 askari wa Tanzania na Sudani, pamoja na jeshi la Komoro, walitua Nzwani. Bacar akakimbilia Maore, akapelekwa Réunion, na mwishowe Benin. Katika mambo hayo yote Kamisheni haikuwa na neno la kuamua. Moto uliwaka ndani ya nyumba yake, na maji yakaletwa na majirani wa bara. Mwaka 2020 mapatano ya Victoria yalitengenezwa upya ili Kamisheni iwe na wajibu juu ya amani na usalama. Maneno hayo ni mema. Mwaka 2025 ulikuwa mtihani wake wa kwanza mkubwa, na wengi hawakusikia sauti yake.

KAZI NJEMA ILIYOFANYIKA

Tungekuwa wadhalimu kama tungekoma hapa. Iko kazi ambayo Kamisheni imeifanya vizuri, na mfano ulio bora una mizizi katika mkoa wetu.

Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea katika uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Wenyeji waliuita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, na madaktari wa ulimwengu mzima wakalichukua neno hilo: chikungunya. Miaka 50 baadaye, mwaka 2004, ugonjwa huo uliibuka Lamu na Mombasa. Mwanzoni mwa 2005 ukafika Ngazija. Kisha ukaruka Maore, Morisi na Réunion. Kisiwani Réunion, hadi mwaka 2006, karibu mtu mmoja katika kila watatu aliugua. Ndipo viongozi walipoona kwamba mbu haulizi pasipoti. Kamisheni ikaanzisha mtandao wa kuchunguza magonjwa, ambao waganga wa visiwa vyote hupashana habari kila dalili mbaya ionekanapo. Ugonjwa ulirudi tena Réunion mwaka 2025, lakini haukuwakuta watu gizani kama mara ya kwanza.

Vivyo hivyo katika uvuvi, ambako nchi za Kamisheni zilianza mwaka 2007 kushirikiana kuzisaka meli ziibazo samaki; na katika ulinzi wa bahari, kwa vituo viwili, kimoja Madagaska cha kukusanya habari na kimoja Shelisheli cha kupanga shughuli.

Mambo haya yalifaulu kwa nini? Kwanza, kila mmoja alikuwa na haja nayo. Pili, kazi ilipewa mafundi wanaojuana kwa majina, si wasemaji wa mikutano. Tatu, haikumlazimu mtu aamue kwanza ni nani mwenye Maore. Hapo ndipo penye siri ya uongozi wa chombo kama hiki.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwa maoni yetu, yako mambo manne ambayo viongozi wa visiwa wangeweza kuyaanza bila kungojea miaka 11 mingine.

Kwanza, mishahara ya makao makuu na kazi zile za lazima, kama uchunguzi wa magonjwa, zilipwe kwa michango ya wanachama wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Fedha za wafadhili ziwe kitoweo, zisiwe ugali. Mwalimu Nyerere na wenzake walilisema jambo hilo Arusha mwaka 1967 juu ya taifa letu, na sisi wenyewe twajua jinsi lilivyo gumu kulitimiza; lakini ugumu wake haujalifanya kuwa uongo.

Pili, wakuu wa nchi wakutane kwa tarehe iliyopangwa, na Katibu Mkuu apewe haki ya kuwaita mawaziri mara moja serikali yo yote iangukapo kwa nguvu. Asingojee ruhusa ya yule yule aliyepindua.

Tatu, habari ya enzi juu ya Maore iendelee kujadiliwa mahali pake, kwa subira na kwa sheria. Morisi imeonyesha njia katika shauri la Chagos: ilishindana kwa miaka mingi, mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni ya kuiunga mkono, na mwezi wa Mei 2025 Uingereza ikatia sahihi mkataba wa kurudisha visiwa hivyo. Lakini kufa kwa watu baina ya Nzwani na Maore kusingojee hukumu. Komoro na Ufaransa zaweza, bila ye yote kuacha dai lake, kupatana juu ya njia ya wagonjwa kuvuka mchana kwa chombo salama, juu ya jamaa kutembeleana, na juu ya kuokoana baharini. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024, iliripotiwa kwamba wengi wasio na karatasi waliogopa kwenda kwenye vituo vya kujihifadhi wasije wakakamatwa. Siasa yo yote imfanyayo mtu aogope msaada kuliko kimbunga, siasa hiyo imekosa utu.

Nne ni juu yetu wenyewe. Tanzania si mwanachama wa Kamisheni, wala hatudai iwe. Lakini China, India na Japani, nchi za mbali kabisa, zimepewa viti vya watazamaji. Kiti kama hicho chatufaa zaidi sisi, ambao tuna Unguja, Pemba na Mafia, na ambao kutoka Mikindani twaweza kupima umbali wa Moroni kwa uzi mfupi. Vimbunga hutuhusu: Unguja haijasahau mwaka 1872, wala Lindi mwaka 1952. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazija, na siku ya pili yake kikaipiga Cabo Delgado, huku watu wa Mtwara wakihamishiwa mahali pa salama. Habari za njia yake zilitoka katika kituo cha hali ya hewa kilichoko Réunion, na kwa hilo twawashukuru Wafaransa bila kusita. Usalama hutuhusu pia: vita vilivyoanza Cabo Delgado mwezi wa Oktoba 2017 vilivuka Ruvuma mwezi wa Oktoba 2020 na kuwaumiza watu wa Kitaya. Na biashara hutuhusu: bandari ya Mtwara imekwisha kupakia saruji ya kwenda Komoro, nayo ingeweza kupakia mengi zaidi kama meli zingekuwa na ratiba na ushuru ungejulikana mapema.

Wako watakaosema kwamba visiwa vina wenyewe, na kwamba sisi tuna shida zetu za kutosha. Ni kweli kwamba tuna shida zetu. Lakini mbu wa Newala alifika Réunion bila kutuomba ruhusa, na upepo wa Ngazija utafika Mikindani hali kadhalika. Ujirani wa baharini haukuchaguliwa na mtu, na kwa hiyo hauwezi kukataliwa na mtu. Lililo katika uwezo wetu ni kuamua kama tutapashana habari kabla ya dhoruba au tutatafutana baada yake.

Viongozi wa visiwa hawakukosa akili, wala mabaharia wao hawakukosa ujuzi. Kilichokosekana ni mapatano ya kwamba, usiku wa hatari, mkono mmoja ushike usukani na mikono mingine yote ikaze kamba. Wakipatana juu ya hilo, chombo chao kitaacha kwenda mrama. Na sisi wa upande huu wa mlango wa bahari twapaswa kuwa tumekwisha andaa gati la kukipokea.